Hivi kwa nini homurani zimekuwa nyingi kiasi hiki kwenye ligi kuu ya Marekani?

Mgeni Milimani

Wakuu salaam. Mimi ni mtu wa soka, niseme mapema ili nisichekwe. Nipo Denver mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na mwenzangu wa zamu ni mzee mmoja ambaye redio yake haizimwi tangu mwisho wa Machi hadi Septemba. Ni shabiki wa Rockies. Msimu wa 2025 timu yake ilipoteza mechi 119 kati ya 162, na bado alikuwa anakuja kazini na kofia yake ya zambarau kama mtu anayekwenda harusini. Huyo ndiye aliyenifundisha besiboli.

Kwa wasioufahamu mchezo: homurani ni pale mpigaji anapoupiga mpira ukapita juu ya uzio wa mbali bila kugusa chini. Anazunguka beisi zote nne kwa raha zake, hakuna wa kumzuia. Mzee anasema enzi za ujana wake homurani ilikuwa kitu cha kusimuliana kesho yake. Siku hizi kila redio ikipiga kelele ujue ni hiyo. 2025 Cal Raleigh wa Seattle amepiga 60, na huyu ni mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima akila vumbi! Rekodi ya wadakaji kabla yake ilikuwa 48, ya Salvador Perez mwaka 2021.

Nikaenda kutafuta takwimu mwenyewe. Ligi nzima mwaka 2014: homurani 4,186. Mwaka 2017: 6,105. Mwaka 2019: 6,776. Mechi ni zilezile, timu 30, kila moja inacheza 162. Mzee anashikilia kwamba ni hewa ya milimani, huku juu mpira unapaa. Nikamwambia, mzee wangu, Denver haijapanda tangu 2014. Akaninyamazia, akaongeza sauti ya redio.

Sasa ni nini? Wachezaji wamekuwa na nguvu kuliko baba zao? Viwanja vimepunguzwa? Au kuna mchezo ndani ya mchezo? Nawasilisha.

Kipara

Swali jepesi hilo mkuu. Sindano, yaani dawa za kuongeza nguvu. Mpigaji Mark McGwire alipiga homurani 70 mwaka 1998, tukaambiwa ni mazoezi na kula vizuri. 2010 akakiri mwenyewe kwa mdomo wake kwamba alitumia. Kilichobadilika ni aina ya sindano tu. Mada ifungwe.

Fagio la Usiku

Mada isifungwe. Kipara, ungekuwa umeshika ufagio pamoja na mimi mwaka 2019 usingeandika hivyo.

Nimefagia uwanja wa timu ya Triple-A misimu minne. Triple-A ni ngazi moja chini ya ligi kuu, ndipo vijana wanapokaa wakisubiri simu ya kuitwa juu. Kazi yangu ilikuwa majukwaa baada ya mechi, na asubuhi kuokota mipira nyuma ya uzio wa kushoto, kwenye mteremko wa majani na sehemu ya kuegesha magari ya wafanyakazi. Nilikuwa na ndoo ya rangi, ile ya lita ishirini. Nyingi ya mipira hiyo ni ya mazoezi ya jioni, si ya mechi, lakini kwangu mimi mpira ni mpira, wote nauinamia.

2018 ndoo moja ilinitosha wiki nzima ya mechi za nyumbani. Aprili 2019 ikawa inajaa kabla wiki haijafika katikati. Nilidhani ni upepo. Msimamizi wetu alikuwa anaegesha gari lake mahali palepale miaka yote, chini ya mti, kwa amani kabisa. Aprili hiyo kioo cha mbele kikapasuka. Mei kikafuata cha mlango. Juni akahamia upande wa ofisi na hakurudi tena chini ya mti wake.

Kilichobadilika ni kimoja tu. Hadi 2018 ligi zote za chini zilitumia mpira wa bei nafuu ulioshonwa China. 2019 Triple-A ikaanza kutumia mpira wa ligi kuu, ule wa Rawlings unaoshonwa kwa mkono kule Turrialba, Costa Rica. Uwanja ni uleule, uzio haukusogezwa hata hatua moja, vijana wengi ni walewale niliowajua kwa majina. Homurani za Triple-A zikapanda kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka mmoja. Na Double-A, ngazi iliyo chini yake, ambao walibaki na mpira wao wa zamani, hawakuona mlipuko huo. Sasa niambie Kipara, ni sindano gani hiyo inayochoma ghorofa moja na kuruka ya chini yake?

Halafu kuna jambo la kumbukumbu. Upimaji wa dawa hizo wenye adhabu ulianza 2004. Kilele cha ule wakati unaousema, ligi nzima, kilikuwa homurani 5,693 mwaka 2000. Rekodi hiyo ilivunjwa 2017, miaka kumi na mitatu ndani ya upimaji. Sisemi wote ni malaika. Nasema hesabu yako haifungi.

Nirudi kwenye mpira wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapita haraka. Mpira wa besiboli sheria inautaka uwe na uzito wa wakia 5 hadi 5 na robo, gramu 142 hadi 149 hivi. Ndani kabisa kuna kokwa ya koki na raba, juu yake nyuzi za sufu zimezungushwa tabaka kwa tabaka, kisha ngozi ya ng'ombe vipande viwili, vinashonwa na uzi mwekundu kwa mishono 108. Huo mshono ndio siri. Mpira ukiwa hewani, mshono ulioinuka unaivuruga hewa na kuukaba mpira. Mshono uliolala unaiacha hewa ipite, mpira unaendelea na safari yake. Na haihitaji tofauti kubwa. Mpira ambao mlinzi angeudaka mgongo ukiwa umegusa uzio unahitaji futi chache tu ili aishie kuutazama.

Ninayo mipira miwili dirishani kwangu, mmoja wa 2018 na mmoja wa 2019, yote niliokota mteremko uleule. Ukifumba macho ukapitisha kidole gumba, ule wa kwanza unakukwaruza kama kovu. Wa pili kidole kinapita tu. Kuna kijana mmoja mrushaji, usiku mmoja alipigwa homurani tatu, akabaki kwenye benchi peke yake mimi nikiwa nafagia maganda ya mbegu za alizeti. Alikuwa anaugeuza mpira mkononi. Akanirushia, akaniuliza kama nahisi chochote. Nikamwambia mimi mtu wa ufagio, nahisi laini. Akasema, "Ndiyo hiyo."

Si mimi na yeye tu. Ligi iliunda jopo la wanasayansi likiongozwa na Alan Nathan, profesa wa fizikia. Ripoti ya kwanza, Mei 2018, ilisema mpira haukuwa unadunda zaidi, ila ulikuwa unakabwa kidogo zaidi na hewa, na sababu hawakuipata. Ripoti ya pili, Desemba 2019, ikagawa ongezeko la mwaka huo hivi: asilimia 60 ni mpira kupungukiwa na ukinzani wa hewa, asilimia 40 ni namna wapigaji wanavyopiga. Urefu wa mshono ulieleza kama asilimia 35 ya mabadiliko ya ukinzani, na tofauti yenyewe ilikuwa chini ya sehemu moja ya elfu ya inchi. Kuna pia mama mmoja mwanafizikia wa nyota, Meredith Wills, aliyekuwa anafumua mipira kwa mkono wake uzi kwa uzi. Alikuta ule uzi mwekundu wa 2016 na 2017 ni mnene kwa asilimia 9 kuliko wa 2014.

Hiyo asilimia 40 waisemee wengine, mimi sijawahi kushika gongo. (La kupigia. Lile lingine tuliache.)

Mama Tito

Naomba niisemee mimi hiyo arobaini, maana imenila wikendi zangu zote.

Kijana wangu anacheza timu ya shule ya sekondari hapa Marekani. Alipoanza akiwa na miaka minane mwalimu wake alikuwa na wimbo mmoja: piga chini, mpira utambae, ukimbie. Alipofika kumi na tatu tukapata mwalimu mwingine, kijana mdogo mwenye kompyuta mpakato. Siku ya kwanza aliwaambia wazazi tumekaa kwenye lile benchi la bati, kwamba mpira unaotambaa haujawahi kuvuka uzio wowote duniani. Tukacheka. Hakuwa anatania. Akafunga kijidude kidogo kwenye kitako cha gongo la Tito, na tangu siku hiyo mtoto haniambii tena "mama leo nimepiga vizuri". Ananitajia digrii.

Huo utaratibu ulitoka juu. Tangu 2015 kila uwanja wa ligi kuu una mfumo wa Statcast, kamera na rada zinazopima mpira unaondoka gongoni kwa kasi gani na kwa pembe gani. Wakajua bayana: mpira unaoondoka kwa maili 98 kwa saa, kama kilomita 158 hivi, kwa pembe ya kati ya digrii 26 na 30, huo kwa kawaida una madhara makubwa. Kabla ya hapo mwalimu alikuwa anakisia kwa jicho. Baada ya hapo namba ziko ubaoni, na mkataba wa mchezaji unafuata namba.

Mwalimu wa Tito mfano wake ni mmoja tu, J.D. Martinez. Houston walimwacha Machi 2014, hana kazi, ana miaka ishirini na sita. Lakini kabla ya kuachwa alikuwa ameshakaa chini akatazama video za wapigaji wakubwa, akaona gongo lao linapita likipanda kidogo wakati lake linashuka kama anapasua kuni. Akalibadilisha. Detroit wakamchukua, akapiga homurani 23 mwaka huohuo, 38 mwaka uliofuata, na 2017 akapiga 45, nne kati ya hizo katika mechi moja ya Septemba dhidi ya Dodgers. Mtu yuleyule, mikono ileile.

Na wapigaji hawakuamka tu asubuhi moja wakaamua. Walisukumwa. Mrushaji wa sasa mpira wake wa kasi unatembea wastani wa maili 94 kwa saa, na akichoka anaingia mwingine mwenye nguvu mpya. Halafu timu zikawa zinawahamisha walinzi wa ndani upande ambao kompyuta inasema mpira utatambaa, kwa hiyo unapiga vizuri kabisa, unakuta mtu amesimama pale anakusubiri. (Walipiga marufuku hilo 2023.) Sasa kwa hali hiyo, kupata pointi kwa kupiga vijimpira vitatu mfululizo ni kujaza pipa kwa kijiko. Bora urushe gongo lote mara moja. Ukikosa, umekosa.

Na wanakosa! 2018 ilikuwa mara ya kwanza wapigaji waliotolewa kwa straiki tatu kuzidi mipigo iliyofanikiwa: 41,207 kwa 41,018. Joey Gallo wa Texas mwaka 2017 alipiga homurani 41 na mipigo ya beisi moja 32. Yaani ilikuwa rahisi kwake kuutoa mpira uwanjani kuliko kufika beisi ya kwanza. Mimi shabiki wa benchi la bati naona mchezo umekuwa wa kungoja. Lakini Tito akiutoa nje, nasimama na kupiga vigelegele kama wengine, sitawadanganya.

Mgeni Milimani

Mama Tito ahsante sana, na Fagio heshima yako. Kumbe mambo ni mazito.

Maswali mawili ya mjinga. La kwanza, joto. Jamaa mmoja hapa ghalani anasema dunia inapata joto na hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo mpira unafika mbali. Hilo lina ukweli? La pili, nimesoma kwamba ligi yenyewe imenunua kiwanda cha mipira. Sasa wakuu, mwenye duka ndiye mwenye mizani?

Mzee nimempelekea habari za mshono. Amesema mnapoteza muda, ni hewa ya milimani.

Fagio la Usiku

Mama Tito umeniziba mdomo nusu. Nusu nyingine inauliza hivi: kama ni pembe ya gongo peke yake, mbona homurani zilishuka? Kutoka 6,776 mwaka 2019 hadi 5,215 mwaka 2022. Zimepungua 1,561. Tito wako akijifunza kuinua mpira, anaamka kesho amesahau? Wapigaji wa ligi kuu hawakusahau kitu. Mpira wa 2021 ulirekebishwa, wakalegeza sufu ya tabaka la kwanza, ukawa mwepesi kidogo na usiodunda sana. Na 2022 viwanja vyote 30 vikawekewa chumba cha unyevu cha kuhifadhia mipira. Mpira uliokaa kwenye unyevu unaolingana una mdundo mdogo kuliko uliokauka. Hata hivyo 2024 walipiga 5,453, bado ni zaidi ya elfu moja juu ya 2014. Hiyo elfu moja ndiyo ninayokuachia wewe na mwalimu wako mwenye kompyuta, sehemu kubwa yake.

Mgeni, hicho chumba cha unyevu kilianzia hapohapo kwenu. Mwambie mzee ana haki yake na umpe kwa adabu. Coors Field, uwanja wa Rockies, uko kama mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyembamba, mpira wa futi 400 pwani unafika kama 420 hapo. Mwaka 1999 zilipigwa homurani 303 katika uwanja huo mmoja. 2002 wakaleta chumba cha unyevu ili kuupoza moto. Kwa hiyo hewa ya milimani inaeleza kwa nini Denver ni Denver. Haielezi kwa nini New York na Minneapolis 2019 timu mbili zilipiga zaidi ya 300 kila moja, Yankees 306 na Twins 307.

Joto: ndiyo, lina ukweli, ila ni chumvi si nyama. Watafiti wa chuo cha Dartmouth walichapisha hesabu zao 2023. Walisema homurani zaidi ya 500 tangu 2010 zinatokana na kupanda kwa joto, kama asilimia moja ya zote. Itaongezeka miaka ijayo. Lakini haiwezi kueleza kuruka kwa homurani katikati ya msimu wa 2015, ambapo zilianza kupanda baada tu ya mapumziko ya Julai. Joto la dunia haliji kwa ratiba ya ligi.

Kuhusu mwenye duka. Ni kweli, Juni 2018 ligi pamoja na kampuni ya uwekezaji ya Seidler walinunua Rawlings kwa dola milioni 395. Justin Verlander, mrushaji mkubwa wakati ule, alisema hadharani Julai 2019 kwamba ligi imeutia mpira nguvu makusudi. Jopo la Nathan likasema halikuona ushahidi wa makusudi. Mimi naamini jopo. Niliyoyaona kwenye ndoo yangu ni kwamba mipira miwili ya siku moja, sanduku moja, haifanani. Ni ngozi ya mnyama na mkono wa mtu. Hata baada ya kiwanda bado kuna kibarua anayeisugua kwa matope kabla ya mechi ili isiteleze, matope yanayochotwa kandokando ya mto Delaware, New Jersey. Kitu kinachopita mikono yote hiyo, elfu moja ya inchi ni nini? Ila naomba mnielewe: kukosa makusudi si kukosa wajibu. Ukimiliki kiwanda, mshono ni wako.

Nanga Juu

Nimesoma kimyakimya, sasa nimeshindwa. Nimefanya kazi melini miaka mingi, Yokohama tulikuwa tunakaa siku nyingi, na pale besiboli ni kama dini. Wajapani wameshapitia haya yote na walikamatwa.

2010 ligi yao ilipiga homurani 1,605. 2011 wakaleta mpira mmoja wa Mizuno kwa timu zote 12. Zikaanguka hadi 939. 2012 zikawa 881. Mashabiki wanasinzia. Kisha 2013 ghafla mipira inaanza tena kuruka. Warushaji wanauliza, mbona huu si ule? Ofisi ya ligi inajibu ni uleule. Miezi inapita, wanauliza tena, ni uleule. Juni wakakiri: mpira ulibadilishwa na hakuna aliyeambiwa. Mwaka huo uliisha na homurani 1,311. Na ndio mwaka ambao Wladimir Balentien wa Yakult Swallows alipiga 60 na kuvunja rekodi ya 55 ya Sadaharu Oh iliyokaa tangu 1964. Kamishna, Ryozo Kato, akaachia kiti mwaka huohuo. Baharia mmoja wa Kijapani aliniambia walichokasirikia si mpira, ni kudanganywa.

Korea Kusini wao walifanya wazi. 2019 walitangaza kwamba mpira unapunguzwa mdundo. Homurani zikatoka 1,756 za 2018 hadi 1,014. Mwaka uleule ambao Marekani inavunja rekodi ya juu! Sasa Wakorea wao hawana kompyuta za pembe?

Kipara

Haya nimeelewa, narudisha sindano kwenye boksi. Nabakiza moja tu ya akiba.

Ila Nanga umenigusa. Hizo takwimu za Korea na Marekani mwaka mmoja, moja juu moja chini, hiyo mtu hawezi kubishana nayo.

Mama Tito

Wakorea wana kompyuta, kaka. Ila hata Tito akiinua mpira mzito utadondoka mikononi mwa mlinzi, na hapo ndipo ninapomkubalia Fagio. Pembe inaupeleka juu, mpira ndio unaoamua kama utafika. Mwaka ambao mpira unakabwa, watoto hawa tuliowafundisha wote kuinua watakuwa wanadakwa tu, mmoja baada ya mwingine, na wazazi tumekaa.

Mgeni Milimani

La mwisho wakuu, niwaache mpumzike. Mzee ameacha hewa, sasa ameshika gongo. Anasema ni yale magongo mapya yenye tumbo, ya torpedo. Anasema Yankees walipiga homurani tisa katika mechi moja nayo.

Fagio la Usiku

Ni kweli walipiga tisa. Machi 29, 2025, dhidi ya Milwaukee, wakashinda 20 kwa 9. Lile gongo limebuniwa na Aaron Leanhardt, mtu aliyesomea fizikia MIT: unene umesogezwa kutoka ncha kuja karibu na mshikio, pale ambapo mpigaji fulani hugusa mpira mara nyingi. Ni halali, halizidi vipimo vya sheria. Linamsaidia aliyekuwa anapigia pembamba.

Lakini mwambie mzee wako atazame tena ile mechi. Aliyepiga homurani tatu siku ile ni Aaron Judge, na alikuwa na gongo lake la kawaida. Na 6,776 za 2019 zilipigwa miaka sita kabla watu hawajalisikia hilo jina la torpedo.

Muulize kama ana mpira wowote wa ligi kuu wa kabla ya 2015 nyumbani kwake. Wazee hawa hawakosi. Kama anao, usiufumue. Pitisha kidole gumba juu ya mshono halafu uje utuambie.

Mgeni Milimani

Anao. Mmoja, wa Oktoba 2007, mwaka ule Rockies walipofika fainali. Ameuweka ndani ya sanduku la kioo juu ya televisheni. Nimemweleza habari ya kidole gumba, sehemu ya elfu ya inchi, Costa Rica, yote. Amenisikiliza hadi mwisho.

Amesema niutazame kwa macho.